Aliyeandika Alijuaje? Namna ya kukagua wasifu wa watu maarufu mtandaoni

Panda matatu ya Kisumu kwenda Siaya, uliza abiria mahali alipozaliwa Barack Obama mzee, baba wa rais wa 44 wa Marekani. Utajibiwa Kogelo, na hakuna atakayegeuza shingo kukutazama. Uliza swali hilohilo sokoni Kendu Bay, Kaunti ya Homa Bay, na utaonyeshwa kwa kidole njia ya kwenda Kanyadhiang: huko ndiko kilikozikwa kitovu chake. Kila upande una uhakika, na kila upande una ukurasa wa mtandaoni wa kukuonyesha.

Sasa fungua kitabu cha mwanawe, Dreams from My Father, kilichotoka mwaka 1995. Kwenye kurasa za mwanzo baba anatajwa kuwa mzaliwa wa Alego. Vumilia, soma hadi kule mbele Mama Sarah, aliyemlea Obama mzee, anakosimulia habari za ukoo, nawe utakuta familia ilikuwa Kendu kwanza. Hussein Onyango, baba wa Obama mzee, ndiye aliyehamishia boma lake Alego. Mkewe Akumu akatoroka kurudi Kendu, na watoto wake wawili, Barack na dada yake, wakashika njia kwa miguu kumfuata mama. Kitabu ni kimoja, majibu ni mawili. Aliyeishia mwanzo aliandika Alego, aliyefika mbele aliandika Kendu. Mwandishi wa habari Sally Jacobs, aliyetoa wasifu kamili wa Obama mzee mwaka 2011, anamweka Kanyadhiang.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu karibu kila mtego utakaokutana nao unapokagua wasifu wa mtu maarufu umo ndani yake. Labda wewe ni mwanafunzi unayeandika insha, au MC uliyepewa dakika kumi kumtambulisha mgeni wa heshima, au mtangazaji wa redio ya mtaani, au mmoja wa wale wanaohariri Wikipedia ya Kiswahili usiku bando likiwa la bei nafuu. Vyovyote iwavyo, unahitaji swali moja tu. Ukiona tarehe ya kuzaliwa, kijiji, jina la mke, idadi ya watoto au shule, usitosheke kwa kuwa kuna kinambari cha tanbihi pembeni. Uliza: aliyeandika alijuaje? Alikuwepo? Aliambiwa, na aliyemwambia alikuwepo? Au naye alinakili kwa mwenzake?

Kitovu na kaburi

Huku kando ya ziwa, ukimuuliza mtu "kwenu ni wapi?" hakuambii alikozaliwa. Anakutajia dala, boma la baba yake, mahali ambapo siku yake ikifika atarudishwa kuzikwa. Mwandishi wa Nairobi anaposikia jibu hilo huandika "alizaliwa Homa Bay", na kosa linaanza safari.

Tom Mboya ndiye mfano bora. Kaburi lake liko Kisiwa cha Rusinga, ndani ya jengo lenye umbo la risasi, na mjini Homa Bay kuna chuo kikuu chenye jina lake. Mtu akisoma hayo anahitimisha kwamba Mboya alizaliwa Rusinga. La. Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge ambako baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa nyapara. Wasifu wake ulioandikwa na David Goldsworthy, uliotoka 1982, unaeleza hayo, na Mboya mwenyewe alichapisha kitabu cha maisha yake, Freedom and After, mwaka 1963. Kwa hiyo Rusinga ni kwao na ndipo alipozikwa, wala si mahali pa kuzaliwa. Obama mzee ni kinyume chake: kitovu Homa Bay, kaburi Nyang'oma Kogelo. Ukiwaweka wawili hawa bega kwa bega hutasahau tena kwamba kisanduku cha taarifa cha Wikipedia kina nafasi mbalimbali kwa sababu maalumu.

Baada ya hapo angalia jina la mahali lenyewe. Kuna Sakwa ya Awendo, Migori, na kuna Sakwa ya Bondo, Siaya. Kuna Gem inayojulikana ya Siaya, na kuna Gem ya Rangwe, Homa Bay. Mwanamuziki akijitambulisha kwa wimbo kuwa ja-Sakwa, mhariri asiyeijua Nyanza atabonyeza kiungo cha kwanza kinachojitokeza, kisha mtu wa Migori anaamka asubuhi akiwa raia wa Siaya. Dawa yake si ngumu: tafuta jina la pili. Shule ya msingi aliyosoma, kata, kanisa, mto. Sakwa pamoja na kiwanda cha sukari cha Sony ni Awendo; hakuna mjadala.

Angalia pia mipaka ya wakati. Kaunti za Migori na Homa Bay zilianza kazi baada ya uchaguzi wa 4 Machi 2013. Migori ilikuwa wilaya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kabla ya hapo maeneo yote mawili yalikuwa ndani ya Nyanza Kusini, na zamani zaidi, chini ya wakoloni, Kavirondo Kusini iliyotawaliwa kutoka Kisii. Mtu wa 1934 hakuzaliwa katika Kaunti ya Homa Bay. Andika "karibu na Kendu Bay, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Homa Bay". Ni maneno machache ya ziada, nayo yanamkinga mwanafunzi na aibu mbele ya mwalimu wa historia.

Mpaka wa nchi nao una kesi zake. D. O. Misiani, yule aliyeitwa babu wa muziki wa benga, alizaliwa tarehe 22 Februari 1940 Nyamagongo, upande wa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Migori. Wakati huo ilikuwa Tanganyika, Tanzania haikuwepo. Alijenga jina lake Kenya, bendi yake ikabeba jina la Shirati, na akafa katika ajali ya barabarani Kisumu tarehe 17 Mei 2006. Ukimwandika kuwa Mkenya kwa sababu tu kanda zake zilirekodiwa Kenya, umebahatisha. Uraia ni jambo la karatasi, na kabla ya katiba ya Agosti 2010 sheria ya Kenya haikuruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Usipokuwa na chanzo kinachotamka uraia, acha nafasi hiyo wazi, useme alizaliwa wapi na alifanyia kazi wapi. Inatosha.

Mwaka wa kuzaliwa, na karatasi inayojua nusu

Turudi kwa Obama mzee. Vitabu vingine vinasema 1936, vingine 1934. Tarehe 27 Aprili 2011 Ikulu ya Marekani ilitoa hati ndefu ya kuzaliwa ya rais, mtoto aliyezaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961. Kwenye hati hiyo umri wa baba umeandikwa miaka 25. Piga hesabu: baba alizaliwa kati ya Agosti 1935 na Agosti 1936. Hati ya serikali, yenye muhuri na sahihi ya daktari! Wengi hapa husema kesi imekwisha.

Haijaisha. Kuhusu mtoto, hati hiyo ni shahidi wa kwanza, kwa sababu daktari alikuwepo mtoto alipotoka. Kuhusu baba, karani aliandika alichoambiwa na wazazi. Karatasi ni moja, lakini mstari mmoja ni ushahidi na mwingine ni uvumi uliopigwa chapa vizuri. Zoea kusoma hati hivyo, mstari kwa mstari. Hati ya ndoa ni shahidi wa ndoa, na umri wa bwana harusi ni maneno yake. Hati ya kifo ni shahidi wa kifo, na mwaka wa kuzaliwa wa marehemu umetajwa na ndugu aliyekwenda kuichukua, pengine akiwa na usingizi wa siku tatu.

Kwa watu wa umri wa Mboya na Obama mzee kuna tatizo jingine. Uandikishaji wa lazima wa vizazi haukuenea Kenya nzima hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo wazee wengi wa vijijini walipata tarehe zao shuleni, kwa padri, au siku ya kuchukua kitambulisho. Ukikutana na 1 Januari kwenye wasifu wa mtu aliyezaliwa kijijini kabla ya uhuru, simama kidogo. Inawezekana ni kweli; watu huzaliwa hata siku hiyo. Lakini mara nyingi ni alama ya karani aliyekosa la kuandika, au ya kompyuta iliyolazimisha siku na mwezi mahali palipokuwa na mwaka pekee. Andika mwaka, acha siku.

Wazee wenyewe huhesabu kwa matukio, na matukio ni saa nzuri ukijua kuisoma. "Mwaka aliouawa Tom" ni 1969, bila shaka, tena Julai. "Maji yalipopanda" ni mvua kubwa za 1961, zilizolipandisha ziwa kwa zaidi ya mita mbili katika miaka iliyofuata. Ila siku hizi muulize mzungumzaji ni maji yapi, maana ziwa lilifurika tena 2020 na vijana nao wana mafuriko yao.

Majina ya Kijaluo hudokeza pia, lakini yasikulevye. Otieno ni wa usiku, Akinyi wa asubuhi, Odhiambo wa jioni, Okoth na Akoth wa mvua, Opiyo na Odongo ni mapacha, Oyoo amezaliwa njiani. Hakuna hata moja linalokupa mwaka. Na mtoto anaweza kupewa jina la babu aliyemjia mtu ndotoni, basi Otieno akawa amezaliwa saa sita mchana jua likiwaka. Upande wa Wakuria, kuanzia Kehancha hadi Tarime ng'ambo ya mpaka, majina kama Chacha, Mwita na Robi yamejaa kila boma. Ukimpata "Chacha Mwita" gazetini, hujampata mtu wako mpaka uwe na jambo la tatu linalomtenga: kazi, timu, kijiji.

Mitihani husaidia kunasa tarehe zisizowezekana. KCPE ya kwanza ilifanywa 1985, KCSE ya kwanza 1989. Mheshimiwa anayedaiwa kufanya KCSE mwaka 1984 ama alifanya mtihani mwingine au ukurasa una kosa la kalamu. Chuo cha Rongo kilianza kama chuo kishiriki mwaka 2011. Digrii ya Rongo ya 1998 ni muujiza.

Mtihani wa namna hii ndio uliomaliza ile karatasi iliyozungushwa mwaka 2009 ikidai kwamba Obama mwana alizaliwa Mombasa. Karatasi ilikuwa na tarehe ya Februari 1964, na juu yake maneno "Jamhuri ya Kenya". Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 na haikuwa jamhuri hadi 12 Desemba 1964. Mghushi alijua kutumia kompyuta ila hakujua Jamhuri Dei inaadhimisha nini. Mtoto wa darasa la sita Ndhiwa angemkamata.

Ndugu, mama, nyanya

Hapa ndipo wageni wanapozama, na wenyeji pia wakiandika kwa haraka. Mtu wa Karachuonyo akisema "ndugu yangu" anaweza kumaanisha mtoto wa mama yake, mtoto wa mke mwenza, mtoto wa baba mdogo, au mtu wa ukoo mmoja aliyekutana naye Dubai. "Mama" anaweza kuwa mama mzazi, mama mdogo au mama wa kambo. Mama Sarah Obama, aliyefariki Machi 2021, aliitwa nyanya wa rais dunia nzima. Kwa heshima na kwa malezi alikuwa hivyo. Kwa damu, nyanya mzaa baba ni Akumu. Mwandishi wa wasifu anahitaji kujua yote mawili, na aandike lipi analokusudia.

Mwaka 2008 mhubiri mmoja Mmarekani alimpigia simu Mama Sarah kupitia mkalimani. Aliuliza kama alikuwepo Obama alipozaliwa. Jibu lililorudi kwa Kiingereza likawa ndiyo, alikuwepo. Kipande hicho kilisambazwa kama ushahidi kwamba rais alizaliwa Kenya. Wasambazaji walikata mkanda kabla ya sehemu inayofuata, ambapo mkalimani anafafanua mara kadhaa kwamba mtoto alizaliwa Hawaii. Kwa hiyo unapotumia mahojiano, sikiliza hadi mwisho, na ukiweza sikiliza lugha aliyosema mwenyewe. Hapo wewe wa Homa Bay una faida kuliko mhariri yeyote wa London: unasikia Dholuo. Tumia masikio yako. Mahojiano ya redio za Dholuo ni chanzo halali ukitaja kituo, kipindi na tarehe.

Unapouliza jamaa za mtu maarufu, usiulize "ana ndugu wangapi?" Uliza "kwa mama yake walizaliwa wangapi?" Jibu litabadilika mbele ya macho yako. Kijitabu cha mazishi nacho, kile cha picha za rangi kinachogawiwa chini ya hema, ni hazina kwa majina na mpangilio wa watoto, maana familia nzima imekisoma na wajomba wamekipigia kelele kabla hakijachapwa. Matangazo ya vifo gazetini yako vivyo hivyo. Lakini sifa zilizomo humo, kwamba marehemu alikuwa wa kwanza wilayani kufanya hiki na kile, ziache humohumo.

Habari inayojizungusha

Machi 2009 alifariki mtunzi wa muziki wa filamu, Maurice Jarre. Mwanafunzi mmoja wa Ireland akabandika kwenye Wikipedia maneno aliyoyatunga mwenyewe, akidai ni ya Jarre. Magazeti ya nchi kadhaa yakayachapa kwenye taazia. Kama mwanafunzi yule asingejitaja, mhariri wa kesho yake angeyakuta maneno hayo gazetini, akayawekea tanbihi, na uongo ungekuwa umepata cheti.

Huu ndio mduara wa kuogopwa kuliko uongo wa kawaida. Namna ya kuuvunja ni kulinganisha tarehe. Fungua historia ya ukurasa, rudi nyuma hadi siku ambayo taarifa iliingizwa kwa mara ya kwanza, kisha utazame gazeti linalotajwa lilitoka lini. Gazeti likitoka baada ya taarifa kuwekwa, lina uwezekano mkubwa wa kuwa limenywea kisima hichohicho. Tafuta la kabla. Kiungo kikiwa kimekufa, jaribu hifadhi ya Wayback Machine. Kurasa za lugha mbalimbali zisikudanganye kwamba ni mashahidi wengi: makala nyingi za Kiswahili, hasa zile fupi tunazoziita mbegu, zimetafsiriwa kutoka Kiingereza, na baadhi ya visanduku vya taarifa huchota tarehe kutoka Wikidata, hazina moja iliyoanzishwa 2012 na inayolisha lugha nyingi. Lugha kumi zikikubaliana, pengine aliyesema ni mmoja.

Mduara huweza kuanza hata kwa watu wa karibu kabisa. Mwaka 1991 wakala wa vitabu wa Obama alitoa kijitabu cha matangazo kilichoandika kwamba mteja wake amezaliwa Kenya. Miaka mingi baadaye aliyekihariri alikiri kwamba kosa lilikuwa lake, hakukagua. Na Obama mwenyewe, akihutubia Selma mwaka 2007, aliihusisha familia ya Kennedy na safari ya baba yake kwenda Marekani. Baba alifika Hawaii 1959. Fedha za Kennedy kwa wanafunzi waliopelekwa Marekani kwa mpango wa Tom Mboya zilitolewa 1960. Hakudanganya. Alirudia alichosimuliwa, na kwa safari iliyofanyika miaka miwili kabla hajazaliwa angejuaje?

Ukitaka kukata mduara wa watu wa zamani, mwisho wake ni karatasi. Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, Nairobi, hatua chache kutoka sanamu ya Mboya, na Maktaba ya McMillan ina magazeti tangu enzi za mkoloni. Kwa wanasiasa, Hansard na Gazeti Rasmi la Kenya hukupa tarehe za uteuzi na viapo bila porojo. Kitu ambacho havikupi ni siku ya kuzaliwa, na ni heri.

Walio hai

Mwaka 2005 mwanahabari Mmarekani John Seigenthaler aligundua kwamba kwa miezi kadhaa Wikipedia ilikuwa imemhusisha na mauaji ya ndugu wawili wa familia ya Kennedy. Ulikuwa mzaha wa mtu mmoja. Kashfa ile ndiyo iliyosukuma kanuni kali za wasifu wa walio hai: taarifa yenye utata isiyo na chanzo imara huondolewa mara moja, haingoji kikao.

Kwa tarehe ya kuzaliwa, kanuni inataka iwe imechapishwa sana na vyombo vya kuaminika, au iwe imetolewa na mhusika mwenyewe kwa namna inayoonyesha hana kinyongo ijulikane. Mhusika akilalamika, weka mwaka peke yake au uache kabisa. Kumbukumbu za mahakama, daftari la wapiga kura, picha ya kitambulisho iliyovuja kwenye WhatsApp: hivyo havitumiki hata kama ni vya kweli. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na kifungu cha 31 cha katiba kinalinda faragha ya kila mtu, waimbaji wakiwemo.

Chukua mwimbaji Akothee, ambaye watu wa Migori hawana shaka ni wao. Jina lake ni Esther Akoth. Mvua ilinyesha basi, au kulikuwa na Akoth mwingine kabla yake. Amejieleza hadharani mara nyingi kuhusu maisha yake, malezi na mapenzi, na aliyoyasema kuhusu nafsi yake kwenye kurasa zake mwenyewe yanakubalika kama chanzo, mradi si majigambo na hayamhusu mtu wa tatu. Hapo kwenye mtu wa tatu ndipo wengi huteleza. Majina ya watoto, shule zao, baba zao: mama mtu kuyataja kwenye Instagram hakukupi wewe ruhusa ya kuyapanga kwenye jedwali. Blogu za udaku zinazotoa "umri, mume, utajiri" kwa kila staa zipuuze zote bila huruma. Sijawahi kuona hata moja inayosema ilijuaje.

Kuna pia shida ya mwenyewe kulalamika na asisikilizwe. Mwandishi Philip Roth alikataliwa mwaka 2012 alipotaka kurekebisha maelezo ya Wikipedia kuhusu riwaya yake; akaambiwa panahitajika chanzo kingine. Akachapisha barua ndefu katika The New Yorker, na barua ikawa chanzo. Kwa hiyo msanii wa Rongo akikupigia akisema, "Kijana wangu, mwaka wangu wameukosea," usimbadilishie kimyakimya kwa sababu mnajuana. Mwambie aseme kwenye ukurasa wake rasmi au kwenye mahojiano ya redio, kisha utaje hapo. Kama wewe ni mpwa wake, usiguse makala yenyewe. Andika kwenye ukurasa wa Majadiliano kwamba u jamaa, uwaachie wengine.

Na vifo. Kila mtu anataka awe wa kwanza kubadilisha "ni mwanamuziki" kuwa "alikuwa mwanamuziki". Kanda hii imewazika wasanii kadhaa waliokuwa wakinywa chai nyumbani kwao. Subiri familia itamke, au vyombo viwili ambavyo havinakiliani. Kuchelewa saa nne hakujamdhuru marehemu yeyote.

Ukishakagua

Basi umekagua, na vyanzo bado vinagombana. Usichague mshindi kwa moyo. Kwa Obama mzee mimi ningeandika hivi: alizaliwa 1934 (vyanzo vingine vinataja 1936) Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Homa Bay, akiwa mtoto familia ilihamia Alego, alifariki Nairobi tarehe 24 Novemba 1982, akazikwa Nyang'oma Kogelo, Siaya. Tanbihi ziwe na jina la kitabu, mwaka na ukurasa, kila moja ikae kando ya jambo inalolithibitisha, zisirundikwe mwishoni mwa aya kama viatu mlangoni pa msikiti. Kwenye Majadiliano ongeza mistari mitatu: mwaka huu umetoka wapi, ule umetoka wapi, kwa nini umeacha yote mawili.

Kabla ya wiki kwisha mtu wa Siaya atakuja afute Kanyadhiang. Usiirudishe usiku huohuo ukiwa na hasira. Mwandikie kwa heshima, umpe namba ya ukurasa, na umuulize yeye alijuaje. Huenda ana kitabu ambacho hujakisoma.